Asilimia 50 ya nini? Uzi kuhusu ubia wa madini

1.
Jumapili usiku nilikuwa kwa Spesi moja ya siasa. Mada ilikuwa madini. Jamaa wa kwanza akasema, "Serikali ichukue asilimia 51 ya kila mgodi, mambo yaishe." Makofi. Wa pili akasema, "Mkifanya hivyo wawekezaji watahama wote." Makofi tena, na kelele. Saa mbili nzima watu wakavutana kuhusu 10, 16, 50, 51. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: asilimia ya nini?

2.
Hilo ndilo swali la leo. Sheria za hapa mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukija kwa majibu na jina la Mheshimiwa wako nitakuruka tu. Tutataja nchi, migodi, kampuni na miaka. Uzi ni mrefu kidogo, kwa hivyo chukua chai kwanza.

3.
Tuanze na maana. Ubia wa madini ni pale serikali na kampuni kutoka nje wanapounda kampuni moja ya kuendesha mgodi. Serikali inaleta haki ya kuchimba. Kampuni inaleta mtaji, mashine, wataalamu na wanunuzi. Kila upande unapata hisa. Kwenye karatasi ni ndoa nzuri. Maneno huanza wakati wa kugawa mapato.

4.
Kwa nini serikali isichimbe peke yake? Kwa sababu mgodi mkubwa unaweza kumeza mamia ya mamilioni ya dola kabla haujatoa hata kilo moja ya kuuza. Na kwa nini kampuni isichimbe peke yake? Kwa sababu madini si yake. Hapa Kenya, Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema madini ni sehemu ya ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa inayashikilia kwa niaba yetu. Yaani ni amana. Ni mali yako na yangu, mwingine ameshika tu ufunguo.

5.
Sasa wacha nieleze kwa mfano, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme shosho yako ana ekari mbili kule Ndarugo, na chini ya shamba kuna mawe mazuri ya kujengea. Shosho hana mashine. Anakuja jamaa mwenye mashine na pesa, anamwambia: "Shosho, tufanye biashara pamoja."

6.
Anampa shosho njia mbili za kuchagua.
Njia ya kwanza: kwa kila lori linalotoka, shosho anapata asilimia 5 ya bei ya mawe.
Njia ya pili: shosho anakuwa mwenye biashara kabisa, ana asilimia 20 ya hisa. Mwisho wa mwezi faida ikipatikana, anapata asilimia 20 yake.
Wewe ungemshauri achukue gani? Wengi kwa Spesi ile wangepiga kelele: "Ishirini! Tano ni matusi!"

7.
Haya, hesabu. Mwezi mmoja yanatoka malori 100, kila lori shilingi 10,000. Mauzo ni milioni 1. Kwa njia ya kwanza shosho ana 50,000, na analipwa lori likipita getini.
Kwa njia ya pili lazima asubiri gharama zitolewe kwanza. Dizeli na mishahara, 500,000. Kukodi mashine, 200,000. Riba ya mkopo, 150,000. Ada ya usimamizi, 50,000. Inabaki 100,000. Asilimia 20 ya hiyo ni 20,000.

8.
Sasa angalia vizuri hizo gharama. Mashine imekodiwa kutoka kwa nani? Kwa binamu ya jamaa. Mkopo umetoka wapi? Ni jamaa mwenyewe aliyeikopesha ile biashara badala ya kuweka pesa zake kama mtaji. Ada ya usimamizi inaenda wapi? Kwa kampuni yake nyingine. Shosho ana asilimia 20 ya faida, lakini jamaa ameshakula mara tatu kabla faida haijahesabiwa.

9.
Bado. Mawe yananunuliwa na nani? Na hardware ya ndugu yake, kwa 8,000 badala ya 10,000. Mauzo sasa ni 800,000. Gharama ni zile zile 900,000. Biashara imepata hasara. Shosho, mwenye hisa asilimia 20, anapata sufuri. Ndugu ya jamaa anauza mawe yale yale mjini kwa bei kamili.
Kwa njia ya kwanza shosho angepata 40,000. Naye angepunjwa kwa bei, lakini hangelala njaa.

10.
Ondoa shosho, weka nchi. Ondoa hardware ya ndugu, weka kampuni-dada iliyosajiliwa kwenye kisiwa ambako kodi ni ndogo au haipo. Hiyo ndiyo shida ya ubia wa madini kwa ufupi. Kila hatua niliyotaja hapo inaweza kufanywa kihalali kabisa, na stakabadhi zote zikiwepo. Kampuni ya kimataifa inaweza kuuziana, kukopeshana na kutoza ada kati ya matawi yake yenyewe. Swali ni kama bei walizoweka ni za haki, na ni nani upande wetu anayejua kuzikagua.

11.
Kwa hivyo shikeni maneno manne.
Mrabaha: malipo ya kila tani au asilimia ya mauzo. Ndiyo ile pesa ya kila lori.
Kodi ya mapato: inatozwa kwa faida, baada ya gharama.
Gawio: sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, baada ya kodi, na bodi ikikubali.
Hisa: karatasi inayokupa haki ya gawio na kura.
Mtu akisema "tumepata asilimia kumi", kwa kawaida anamaanisha hisa. Na mwenye hisa ndiye anayesimama mwisho kabisa wa foleni.

12.
Si hadithi tu. Twende Zambia. Kansanshi, karibu na Solwezi, ni mmoja wa migodi mikubwa ya shaba Afrika. Kampuni ya Canada, First Quantum, ina asilimia 80. Kampuni ya serikali ya Zambia, ZCCM-IH, ina asilimia 20. Mwaka 2016 ZCCM-IH ilienda mahakamani ikidai kwamba dola bilioni 2.3 za Kansanshi zilikopeshwa kampuni-dada ya First Quantum kwa riba ya chini, bila mbia mwenzao kuelezwa vizuri. First Quantum ilikanusha.

13.
Sitaki kuwa hakimu wa kesi hiyo. Angalia tu aina ya ugomvi. Hakuna aliyebisha kwamba Zambia ina asilimia 20. Walibishania pesa ziko wapi na nani aliamua ziende huko. Hisa ilikuwepo, ila uamuzi ulikuwa mkononi mwa mwingine.

14.
Na mwisho wake ndio umenifanya niandike uzi huu. Desemba 2022 walikubaliana kubadilisha mpango, na mwaka 2023 ukaanza kufanya kazi. ZCCM-IH ilibaki na hisa zake 20, lakini badala ya kungoja gawio, sasa inalipwa mrabaha wa asilimia 3.1 ya mapato ya mgodi. Soma tena polepole. Waliachia haki ya gawio la asilimia 20 wakachukua asilimia 3.1 ya mauzo. Kwa Spesi ile ya Jumapili wangeitwa wasaliti. Mimi naona walichagua njia ya kwanza ya shosho: pesa ya kila lori.

15.
Kuna mwenye atasema, "Basi tununue mgodi wote, tusiwe na mbia." Zambia ilijaribu hiyo pia. Mwaka 2021 ZCCM-IH ilichukua asilimia 90 ya mgodi wa Mopani iliyokuwa mikononi mwa Glencore na wenzake, ikawa na mgodi mzima. Bei ilikuwa dola moja. Ndiyo, dola moja. Lakini pamoja na hiyo dola lilikuja deni la dola bilioni 1.5. Mgodi ulihitaji pesa nyingi za kupanua uchimbaji, na mwenye mgodi hakuwa nazo. Mwaka 2024 asilimia 51 ikauzwa kwa kampuni ya Abu Dhabi kwenye mpango wa dola bilioni 1.1.

16.
Ukiwa na asilimia 100 ya mgodi, una asilimia 100 ya deni pia. Bei ya shaba ikianguka, ni wewe. Pampu ikiharibika chini ya ardhi, ni wewe. Simaanishi serikali haiwezi kuendesha mgodi. Namaanisha umiliki unakuja na bili, na mtu wa kampeni hukuonyesha umiliki bila bili.

17.
Sasa Tanzania, maana hapo "asilimia 50" ndiyo imetajwa sana na kueleweka kidogo. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani ule mchanga wenye dhahabu na shaba ambao huenda kuyeyushwa nje. Kontena 277 zikazuiwa bandarini Dar es Salaam. Julai mwaka huo kampuni ya Acacia ikapewa bili ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190. Bilioni, si milioni.

18.
Baada ya mazungumzo marefu, Barrick, iliyokuwa na hisa nyingi zaidi ndani ya Acacia, ilikubali kulipa dola milioni 300 kumaliza mzozo. Watanzania wakaiita "kishika uchumba". Barrick ikanunua hisa zilizobaki za Acacia mwaka 2019, na Januari 2020 ukasainiwa mkataba wa ubia mpya: Twiga Minerals. Barrick asilimia 84, serikali asilimia 16. Migodi ilikuwa Bulyanhulu, North Mara na Buzwagi.

19.
Sasa utasikia watu wawili wakibishana. Mmoja anasema, "Tanzania ilipata asilimia 50." Mwingine, "Wacha uongo, ni 16." Wote wako sawa! Hisa ni 16. Hamsini ni mgao wa manufaa ya kiuchumi: ukijumlisha kodi, mrabaha, ada na gawio la zile hisa 16, lengo ni serikali ipate nusu ya faida yote ya kiuchumi, na kampuni ipate nusu. Hiyo 50 si umiliki. Ndani yake kuna kodi ambayo kampuni ingelipa hata kama serikali haingekuwa na hisa moja.

20.
Na zile 16 zilitoka wapi? Kwenye mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017: serikali inapata angalau asilimia 16 bila kulipia, na hisa hizo hazipunguzwi hata kampuni ikiongeza mtaji. Hiyo sehemu ya pili ni ya maana sana. Bila hiyo, kampuni inaweza kusema, "Tunaongeza mtaji, kila mwenye hisa alete pesa." Huna? Zinatolewa hisa mpya, na 16 yako inakuwa 9, kisha 4. Hakuna aliyekuibia. Umepunguzwa tu.

21.
Mfano ambao kila mtu huutaja ni Botswana. Uhuru 1966. Almasi ya Orapa ikagunduliwa 1967. Mwaka 1969 ikaundwa kampuni ya pamoja na De Beers, na serikali ikaanza na asilimia 15 pekee. Katikati ya miaka ya 1970 wakakaa tena, serikali ikafika asilimia 50. Jwaneng ikafunguliwa 1982. Leo kampuni hiyo inaitwa Debswana, nusu kwa nusu.

22.
Lakini angalia hii. Ukijumlisha kodi, mrabaha na gawio, serikali ya Botswana huchukua takriban asilimia 80 ya faida ya Debswana. Kwa hisa 50! Kwa hivyo:
Botswana, hisa 50, inapata karibu 80 ya faida.
Tanzania, hisa 16, inalenga 50 ya manufaa.
Zambia pale Kansanshi, hisa 20, imechagua 3.1 ya mapato.
Nambari ya hisa pekee haikuambii chochote kuhusu pesa zitakazofika.

23.
Botswana walifanya nini kingine? Walifuata bei. Aliye na mchanga au mawe akiuzia ndugu yake, hutajua bei ya kweli mpaka wewe pia uende sokoni. Mwaka 2013 De Beers ilihamisha mauzo yake ya almasi ghafi kutoka London hadi Gaborone, kwa mujibu wa mkataba. Serikali nayo ikaunda Okavango Diamond Company, inayonunua sehemu ya almasi za Debswana na kuziuza yenyewe. Mkataba mpya uliosainiwa Februari 2025 unaipa asilimia 30, na inaongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Ukiuza mwenyewe, huwezi kudanganywa kirahisi kuhusu bei.

24.
Pia serikali ya Botswana ina asilimia 15 ndani ya De Beers yenyewe, juu kule kwa mama mzazi. Sababu yake utaielewa kwa mfano wa Kongo.
Na kabla hujasema Botswana ni peponi: almasi za maabara zimeshusha bei, na mwaka 2024 uchumi wao ulisinyaa. Ubia mzuri haukuzuii kuumia ukitegemea bidhaa moja.

25.
Kongo sasa, kule Katanga ambako mchimbaji na mama mboga wote wanazungumza Kiswahili. Mgodi wa Tenke Fungurume una shaba na kobalti. Kampuni ya serikali, Gécamines, ina asilimia 20. Mwaka 2016 Freeport ya Marekani iliuza sehemu yake kwa kampuni ya China, ambayo leo inaitwa CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Lakini kilichouzwa hakikuwa mgodi. Ziliuzwa hisa za kampuni iliyosajiliwa Bermuda, ambayo ndiyo iliyomiliki mgodi. Gécamines ililalamika kwamba mbia wake amebadilishwa bila yeye kuhusishwa.

26.
Unapata picha? Ni kama umefunga ndoa, asubuhi unaamka unaambiwa mume wako ameuzwa Bermuda, huyu ndiye mpya. Mkataba usiposema wazi kwamba mauzo ya kampuni mama yanahitaji idhini yako na yanatozwa kodi yako, unabaki kusoma habari kama mtu wa nje.

27.
Mgogoro mwingine wa mgodi huo huo ulihusu mrabaha na kiasi halisi cha madini yaliyoko chini. Julai 2022 usafirishaji ukasimamishwa. Aprili 2023 wakaelewana: CMOC ikakubali kulipa dola milioni 800 kwa miaka kadhaa, na kuhakikisha gawio la angalau dola bilioni 1.2 kwa Gécamines. Karibu mwaka mzima shehena ililala, kwa sababu hapakuwa na hesabu ambayo pande zote mbili zinaiamini.

28.
Turudi nyumbani. Sheria ya Madini ya 2016 inasema serikali ya Kenya ipate angalau asilimia 10 ya hisa za bure kwenye mgodi mkubwa. Mrabaha unagawanywa: 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi pale mgodi ulipo. Kwenye karatasi, vizuri kabisa. Lakini zile 20 na 10 zilikaa miaka mingi baada ya sheria kupita bila kufika mashinani, huku wakubwa wakibishana utaratibu wa kuzitoa. Asilimia iliyoandikwa na asilimia iliyofika ni vitu viwili.

29.
Titani ya Kwale haikuwa ubia. Mkataba wake ulitangulia sheria hii, na mgodi ulimilikiwa na kampuni ya Australia. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014. Desemba 2024 uchimbaji ukaisha. Mtoto aliyezaliwa meli ya kwanza ikiondoka alikuwa bado shule ya msingi mgodi ukifungwa. Mahindi yakikosa mwaka huu utapanda mwaka ujao. Titani haina mwaka ujao. Ndiyo maana mkataba mbaya wa madini ni tofauti na mkataba mbaya wa barabara.

30.
Na kuna mengine yanakuja. Mrima Hill, Kwale hiyo hiyo, ina niobi na madini adimu ambayo dunia nzima inayatafuta. Kuna mwekezaji aliyefutiwa leseni ya Mrima mwaka 2013, akaishtaki Kenya kwenye mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia akidai karibu dola bilioni 2. Kenya ilishinda 2018, kwa sababu kubwa kwamba leseni haikufuata utaratibu wa kisheria, ikiwemo mambo ya mazingira. Yaani kilichotuokoa ni sheria zetu wenyewe za ukaguzi. Kumbuka hiyo ukisikia mtu akisema ukaguzi wa mazingira "unachelewesha maendeleo".

31.
Hapo kuna jambo ambalo watetezi wa hisa hawapendi kulisikia. Serikali ikiwa mbia, inakuwa pia refa na mchezaji. Mgodi ukichafua mto, faini inapunguza faida, na faida ndiyo gawio la serikali. Wafanyakazi wakigoma kudai mshahara, serikali itakuwa upande gani? Hilo halimaanishi tusiwe na hisa. Linamaanisha anayeshikilia hisa na anayekagua mgodi wasiwe ofisi moja, wala wasiwe na bosi mmoja.

32.
Na tuwe wa haki kwa upande wa pili. Anayesema "mtafukuza wawekezaji" hasemi upuzi mtupu. Kampuni inazamisha pesa miaka kadhaa kabla ya kuona faida, na sheria ikibadilishwa katikati inaumia. Lakini angalia: Barrick haikuhama Tanzania. CMOC haikuhama Kongo. De Beers iko Botswana zaidi ya miaka 50. Madini hayahamishiki, na mwenye mgodi mzuri huvumilia mengi. Kinachomtisha zaidi ni kutojua kesho atakutana na nini.

33.
Basi hisa hazina maana? Zina maana, tena sana, kwa sababu moja ambayo haitajwi: kiti kwenye bodi. Mwenye kiti anaona mikataba ya mauzo, mikopo na ada za usimamizi kabla ya kupitishwa. Lakini kiti kinahitaji mtu anayeweza kusoma hesabu za mgodi na kuuliza maswali magumu. Ukimpeleka pale mtu aliyeshindwa uchaguzi kama zawadi ya kumtuliza, umempeleka kunywa chai na kutia sahihi.

34.
Sasa kazi ya nyumbani. 2027 tuko kwa debe, na ukiwa Kwale, Taita Taveta, Kakamega kule Ikolomani kwenye dhahabu, au Kitui, kuna mtu atasimama juu ya gari akuambie, "Nitahakikisha mnapata asilimia fulani." Usimzomee. Inua mkono, muulize haya saba:

a) Asilimia ya nini: hisa, faida, mauzo au manufaa yote?
b) Hisa ni za bure au tutazilipia baadaye kutoka kwa gawio?
c) Zinaweza kupunguzwa mtaji ukiongezwa?
d) Mgodi umekopa kwa nani, na kwa riba gani?
e) Nani ananunua madini, na bei inalinganishwa na soko gani?
f) Kampuni mama ikiuzwa nje ya nchi, tunapata nini?
g) Nani anapima tani zinazotoka, na sisi tunaona wapi hizo rekodi?

35.
Akijibu matatu kati ya hayo saba bila kumwita msaidizi wake, huyo amesoma. Akikwambia "hayo ni ya wataalamu", mkumbushe kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 71 kinataka mikataba mikubwa ya rasilimali iidhinishwe na Bunge. Bunge ni la wananchi, sindio? Basi tuoneshwe kinachoidhinishwa.

36.
Msimamo wangu, kwa sababu najua mtauliza. Nikilazimishwa kuchagua kati ya hisa 51 bila kujua bei wala gharama, na hisa 10 pamoja na mrabaha mzuri, mizani yetu wenyewe getini na mkataba ulio wazi kwa kila mtu, nachukua 10. Halafu narudi baada ya miaka mitano, nikiwa nimejifunza biashara, naomba zaidi. Botswana walianza na 15.

37.
Mwenye maoni tofauti karibu, lakini njoo na hesabu. Na kama shosho yako kweli ana machimbo na amepewa karatasi ya kusaini, usimwache asaini peke yake. Kaa naye, msome pamoja, na muulize yule jamaa mashine ni za nani.

Wiki ijayo: deni la taifa, na kwa nini "tumekopa kujenga barabara" si jibu kamili. Usiku mwema.